Kofia ya Chupa ya Chai

Chupa ya chai ya nyumbani kwetu ilikuwa na kofia. Kofia yenyewe ilikuwa ya njano, ina vifuniko vya masikio pande zote mbili na kamba za kufungia chini ya kidevu. Chupa haina masikio wala kidevu, najua, msinifundishe. Mwaka ule nilikuwa najua mambo mengi ambayo sikuyasema, na mama mkwe wangu alijua mengi kuliko mimi, naye akanyamaza. Tukaishi hivyo miezi kadhaa, wanawake wawili wazima na akili zetu, hapo Mpepai, tunaitazama chupa iliyovaa kofia na kumiminiana chai bila kucheka.

Nianze na mikono yangu, maana ndiyo iliyoleta matata yote. Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa Lituhi, baba yangu alikuwa mvuvi, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kuziba tundu la wavu. Baba alikuwa akikaa mchangani asubuhi anatengeneza nyavu zake, mimi pembeni namshikia uzi. Siku aliponiachia fundo la kwanza nililikaza vizuri, akalifungua, akaniambia nilifunge tena ili ajue sikubahatisha. Kutoka kwenye nyavu nikahamia kwenye vitambaa. Mama alinipa sindano ya kufumia iliyotengenezwa kwa spoki ya baiskeli, ncha imepindwa kidogo na kusuguliwa juu ya jiwe, na sindano hiyo ninayo mpaka leo. Nikikaa siku mbili bila kufuma, mikono inaniwasha na mdomo unafunguka. Mume wangu anaweza kuwa shahidi wa hilo.

Mume wangu naye ana lake. Ni mkulima wa kahawa, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakwambia ni mpiga kinanda wa kwaya kigangoni. Nyumbani hatuna kinanda, kwa hiyo anapiga meza. Akimaliza ugali tu, vidole vinaanza kukimbia kwenye ukingo wa meza, macho yako darini, na ukimuuliza kama maharage yamekolea chumvi anakujibu wimbo ukishafika mwisho. Nimemgombeza kwa ajili ya ile meza mpaka nimechoka.

Na mama yake, ambaye tunaishi naye, ana mteremko wake. Wamatengo wanalima ngoro, yale mashimo ya mraba yanayopangwa mlimani ili mvua isibebe udongo, na mama huyu anayapanga kwa macho tu, hana kamba wala kijiti, lakini ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mistari imenyooka mpaka unaona aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimsaidia kulima. Nilichimba shimo moja likaenda upande. Alilifukia bila kusema neno, akalichimba upya, akaendelea na yake. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba mama yake ni mfumaji kama mimi, ila yeye anatumia jembe. Mume wangu hawezi kutunza siri, akaenda kumwambia. Kesho yake asubuhi mama mkwe aliniletea chai mwenyewe mpaka mlangoni, na tangu siku hiyo nikajua tutaelewana.

Kabla sijaendelea kuna jambo lazima niliseme, na nitalisema haraka. Miaka miwili kabla ya chupa kuvaa kofia nilikuwa na mimba nyingine. Nilianza kufuma tangu mwezi wa tatu wa mimba ile. Nilifuma shali, sweta, kofia, soksi jozi nne, vyote vyeupe, nikavipanga kwenye sanduku chini ya kitanda, na kila mgeni aliyekuja nililivuta lile sanduku nikamwonyesha. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Mtoto alikuja mimba ikiwa ya miezi saba, wa kike, na hakulia. Niliporudi kutoka hospitalini sanduku halikuwepo chini ya kitanda. Sikuuliza limekwenda wapi, wala hakuna aliyeniambia. Nikaacha kufuma kabisa, nikawa mpole, na mume wangu akasema afadhali ningemgombeza.

Basi mimba ya pili ilipoanza kuonekana, mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuinua macho.

"Mkamwana," akasema, "huyu usimfumie. Usimshonee, usimnunulie hata pini. Akishalia, tutamvika."

Nikasema ndiyo mama. Desturi hiyo si yake peke yake, hata kwetu ziwani wapo wanaoishika, na mimi baada ya lile sanduku ningepata wapi ubavu wa kubisha? Niliogopa kuliko yeye. Kila asubuhi kabla sijafumbua macho nilikuwa naweka mkono tumboni nasubiri teke, na teke likichelewa namsema mtoto kimoyomoyo, kwamba mwenzako ana kazi leo, ana kahawa ya kupalilia, hebu fanya haraka nijue uko wapi. Akinipiga ndipo nainuka.

Niliitii amri ile kwa siku tisa. Siku ya kumi mikono, iliyokuwa imelala tangu lile sanduku, ikaanza.

Nilijiambia sitamfumia mtoto, nitafumia nyumba. Nani amekataza nyumba? Nikaanza na vitambaa vya makochi, ambavyo tayari tulikuwa navyo, nikafuma vingine vya kuwekwa juu ya vile. Nikafuma cha meza, kikamharibia mume wangu sauti ya kinanda chake, akalalamika kwamba noti za chini hazisikiki. Nikafunika mtungi wa maji. Nikafumia kiti cha pikipiki yetu gauni kabisa, lenye marinda, nalo likanyeshewa mvua, likanywa maji, na mume wangu akaenda mnadani Mbinga mjini akarudi suruali imelowa makalioni kwa namna ambayo mtu hawezi kuieleza barabarani. Mbuzi nilimpima shingo tu. Mume wangu alinikuta nampima, akaona afadhali ageuke aondoke.

Halafu nikafika kwenye chupa ya chai. Nia yangu ilikuwa safi, naapa. Nilikuwa nataka kifuniko cha kawaida, cha kuzuia chai isipoe, maana huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nilichukua uzi wa njano kwa sababu mweupe sikuweza tena kuushika. Nikafuma duara, nikapandisha, nikapunguza vishimo taratibu, na nilipokishika mkononi nikaona nimeshika kichwa cha mtoto mchanga. Kilikuwa kipimo chenyewe. Ningeacha hapo ningekuwa mtu mwema, lakini mikono ikaongeza sikio la kushoto. Ukishaweka la kushoto huwezi kuacha la kulia. Kamba zikaja zenyewe.

Nikaivisha chupa, nikaiweka mezani, nikasubiri mama mkwe atoke shambani.

Aliingia, akanawa mikono, akaketi. Akaitazama chupa upande huu, akainama akaitazama upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi, nina majibu matatu mkononi. Akanyoosha mkono, akafungua kamba kwa utaratibu, akavua kofia, akamimina chai, akaivisha tena na kuifunga kamba zake kwa fundo zuri.

"Baridi ya mwaka huu," akasema, "hata chupa inaisikia."

Yakaishia hapo. Nilikosa hata la kufanya na hasira zangu, nikaenda kuwafokea kuku.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunasikiliza matangazo ya vifo kwenye redio. Redio yetu ni ya zamani, inakwaruza. Mama mkwe akaisikiliza kidogo, akasema anaona redio hii siku hizi inakohoa. Akanywa chai yake, akanyanyuka, akaenda zake kuwafungia mbuzi. Kisha nikaenda kutafuta uzi. Redio ikapata sweta lenye mikono miwili, vifungo vitatu mbele, na kola ndogo. Mkono wa kulia nikaupitisha kwenye kile kishikio chake na wa kushoto ukabaki unaning'inia. Mama mkwe alipoiona alishika kile kimkono kinachoning'inia kwa vidole viwili, akakipima, akakiachia. Alisema tu kwamba sasa ataisikia vizuri.

Baada ya redio zikaja glasi. Tuna glasi mbili ndogo za wageni, na mimi nikazifumia vifuko vya kuzishikia ili zisiunguze vidole. Vifuko vilikuwa na visigino. Hakuna aliyeuliza glasi inakwenda wapi mpaka ihitaji kisigino. Kisha shali, nalo likalazwa juu ya cherehani mbovu, maana nayo ilikuwa mzee na ilistahili kufunikwa mabega.

Mume wangu ndiye peke yake aliyekuwa haelewi lolote. Siku moja alitafuta kitu cha kutia simu yake isiingie vumbi la kahawa, akaona kifuko cha glasi, akakichukua. Akaenda nacho mpaka kwenye chama cha msingi, akaitoa simu yake kwenye soksi ya mtoto mbele ya wakulima wote, akapiga, akairudisha ndani ya soksi. Nasikia mzee mmoja akamuuliza kama simu itabatizwa lini. Alirudi nyumbani ananiuliza walikuwa wanacheka nini. Nikamwambia wanaonea wivu. Akaridhika, akaendelea kuitumia, glasi moja ikabaki bila viatu.

Hatari ilikuja siku jumuiya yetu iliposali nyumbani kwetu. Kila wiki majirani Wakatoliki tunakutana nyumba moja kwa rozari na neno la Mungu, na zamu ilipofika ya kwetu sikuwa na muda wa kumvua mtu nguo. Wanawake wakaingia, shikamoo mama, marahaba, wakaketi, na macho yao yakaanza kutembea kutoka kwenye chupa hadi kwenye redio, kutoka kwenye redio hadi kwenye cherehani, na mwisho kwenye tumbo langu. Tulipomaliza litania mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja asiyepitwa na kitu, akauliza kwa upole kwa nini redio ina mikono.

Akijua mmoja wanajua wote, na kesho yake ingekuwa habari ya kisimani kwamba mkamwana wa nyumba ile hakujifunza, amefuma tena. Mama mkwe alikuwa anapanga vikombe, hakugeuka.

"Redio hii ilitoka ziwani," akasema. "Haijazoea baridi ya huku. Tunailea."

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana mtu wa ziwani asiyezoea baridi alikuwa mimi. Mama mkwe akafanya ishara ya msalaba haraka haraka, kwa ajili ya ule uongo nadhani, akagawa chai kutoka kwenye chupa yenye kofia. Usiku ule kabla ya kulala nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, na mimi si mtu wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama mkwe.

Kule kliniki mambo yalikuwa na ugumu wake. Nesi aliyekuwa akinipima, dada mmoja mkali lakini mwenye huruma, alinipa orodha ya vitu vya kuandaa, nazo nguo za mtoto zilikuwa juu kabisa. Kila nikienda ananiuliza. Safari moja nilikuwa na mume wangu, nesi akauliza tena nguo za mtoto zipo, nami nikamjibu kwamba zipo, ila kwa sasa zinatumika. Akaacha kuandika. Akaniuliza zinatumika na nani. Mume wangu akakohoa, akaanza kupiga kinanda kwenye meza ya nesi. Nikasema ni hadithi ndefu, na nesi akaandika kitu kwenye kadi yangu ambacho sijawahi kukisoma mpaka leo.

Mama yangu mzazi, ambaye siku hizi anaishi Mbamba Bay kwa dada yangu, alinipigia simu akisema hao watu wa milimani watakuua kwa mawazo. Alitaka nishuke nikajifungulie huko, kwenye joto, ambako mtoto anavaa kanga na jua basi. Alinitumia usipa kwenye gari la abiria, mfuko mzima, ili nikumbuke nyumbani. Nilikumbuka. Nilikaanga wale dagaa wetu nikala huku nalia, na mama mkwe akala pamoja nami bila kuniuliza nalilia nini. Lakini sikushuka. Nilipowaza kujifungua mahali ambapo yeye hayupo, moyo ulikataa. Ajabu, kwa sababu siku yenyewe ilipofika alinikasirisha kuliko mtu yeyote duniani.

Ilikuwa mwezi wa saba, mavuno yamepamba moto, mimi nimesimama kwenye kichanja nachagua kahawa mbovu kutoka kwenye nzuri. Wiki tatu zilikuwa zimebaki kwa hesabu ya kliniki. Maji yakashuka pale pale. Nikamwita mume wangu, akaja anakimbia, akaniangalia, akakimbilia kwa jirani mwenye pikapu, ambaye alikuwa anapakia magunia ya kahawa, akashusha yaliyokuwa kiti cha mbele ili nipate nafasi ya kunyoosha miguu. Nilichukua kanga zangu tu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi na chupa ilikuwa mezani na kofia yake. Mkono ulinyanyuka kwenda kuivua. Nikaurudisha. Mtoto alikuwa hajalia.

Nikageuka kumtafuta mama mkwe, nikamkuta amesimama kwenye nguzo ya baraza, hana kanga ya safari wala kiatu.

"Nendeni," akasema. "Mimi nitakuja na chai."

Chai! Mimi nakwenda pale nilipopotezea mtoto, tumbo linanikata, na yeye anawaza chai. Nilikasirika njia nzima hadi Mbinga mjini. Kila uchungu ulipokuja niliung'atia meno nikilisema lile neno, chai, na dereva akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. Mume wangu alikuwa nyuma amekalia magunia, kwenye vumbi na baridi, na kila tukipita shimo nilimsikia akiita jina la Bikira Maria.

Nesi niliyemkuta wodini alikuwa yule yule wa kliniki. Akaniuliza nguo za mtoto. Nikamwambia zinakuja. Akasema, zile zinazotumika? Nikasema hizo hizo. Alinigombeza kidogo, na haki yake, kwa baridi ile.

Sitaeleza mengi ya mle ndani. Saa kumi na moja jioni mtoto alitoka, wa kike tena, na akanyamaza. Nesi alimgeuza akamsugua mgongo. Mimi nilitafuta sala yoyote kichwani sikuipata. Niliona sanduku tu, lile sanduku, na nafasi tupu chini ya kitanda. Sijui hasira ilitoka wapi. Nikanyanyua kichwa nikamwambia kwa sauti ile ile ninayoitumia kwa baba yake akipiga meza, "Wewe, lia."

Akalia. Alilia kwa hasira, amekunja uso, na nesi akacheka akasema huyu amechukua kwa mama. Mimi nilikuwa nalia kuliko yeye.

Yaliyotokea nje niliyajua baadaye. Mume wangu alikuwa chini ya dirisha, na aliposikia sauti akampigia mama yake, akainyoosha simu juu kuelekea dirishani na soksi yake ikiwa bado imeifunika nusu. Mama mkwe akasikiliza. Akauliza kama huyo anayelia ni wa kwetu. Mume wangu akasema ni wa kwetu. Akauliza tena, ana hakika si wa mwanamke mwingine mle ndani? Mume wangu akasema, mama, ni wangu, anasikika kabisa. Simu ikakatwa.

Baada ya saa moja hivi mlango wa wodi ulifunguka, akaingia mama mkwe, amefunikwa vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope, ana kapu mkono mmoja na chupa ya chai mkono mwingine, chupa imevaa kofia yake, kamba zimefungwa. Wale wazazi wengine wakamwamkia shikamoo. Akawaitikia wote, kitanda kwa kitanda, hakuruka hata mmoja, wakati mimi nakufa kwa kumsubiri. Alipofika kwangu aliweka chupa juu ya kabati dogo, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amezungushiwa kanga yangu, kichwa kiko nje, chekundu kwa baridi. Akafungua kamba. Akaivua kofia kutoka kwenye chupa, ina joto la chai bado, akamvisha mtoto, akavuta masikio yakakaa mahali pake.

"Chai itapoa, mama," nikamwambia, kwa sababu sikuweza kusema kingine.

"Ipoe."

Kwenye kapu akatoa sweta la redio. Akatoa shali la cherehani. Akatoa kifuko cha glasi, kimoja, akamvisha mguu wa kulia, akatafuta cha pili, akageuka kumtazama mwanaye ambaye alikuwa mlangoni anampigia simu kila mtu anayemjua. Alinyoosha mkono tu. Mume wangu akaitazama simu yake, akaitazama miguu ya mtoto, na hapo, baada ya miezi yote ile, nikaona uso wake unaelewa. Akaivua simu soksi, akaileta.

Nguo zote zilinukia sabuni. Nilimuuliza amezifua lini, akasema kila Jumamosi nilipokuwa nakwenda sokoni, anazifua na kumrudishia kila mmoja yake kabla sijafika. Mimi nilidhani ule uzi wa njano haushiki vumbi.

Nikamuuliza kwa nini, kama alijua, aliniacha nifume. Nikamuuliza na kwa nini alinikataza, kama alikuwa ataniacha. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anakaza kamba za kofia na hakuinua macho, vile vile kama siku ile ya maharage.

"Zile nyeupe nilizikunja mimi," akasema. "Moja moja, wewe umelala huku. Nilimzika nazo. Sikutaka kuona tena nguo imekunjwa sandukuni inamsubiri mtu." Akamaliza fundo. "Lakini hizi zilikuwa zinavaliwa."

Nilimshika mkono wake, wenye sugu za jembe, na sikuuachia. Mume wangu akamimina chai. Ilikuwa imepoa kabisa, imebaki sukari tu, na tuliinywa yote sisi watatu kwa kikombe kimoja. Kisha vidole vyake vikaanza kupiga ukingo wa kitanda na hakuna aliyemkataza. Mtoto alikuwa amelala ndani ya kofia ya chupa, kamba zimefungwa vizuri chini ya kidevu, maana yeye anacho.